Nakala Aliyokwenda Nayo Blagota

Simu ya kwanza ilitoka kwa Rosanda, jirani wa ng'ambo ya barabara. Angeweza kuvuka akaja kusema mwenyewe, lakini aliona jambo lenyewe halisemeki uso kwa uso mbele ya mjane.

"Vukosava, shoga, umeshaingia dukani kwako leo?"

"Nimo humu. Nakata tambi za mishumaa."

"Si hilo. Lile la mtandaoni."

"Lina nini?"

"Nimembonyeza Mtakatifu Nikola niagize mshumaa, akatokea dada mmoja kavaa nguo za kuogelea. Ananiambia nizungushe gurudumu, eti bahati yangu inanisubiri."

"Ukazungusha?"

"Mara moja tu. Nilidhani ndiyo mtindo mpya wa kulipia."

Vukosava aliweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye aproni yake nyeusi, akaenda chumba cha nyuma iliko kompyuta ya marehemu mumewe. Mfungo wa Noeli ulikuwa umeanza juzijuzi na siku ya Mtakatifu Nikola ilikuwa inakaribia. Kwetu Waserbia kila ukoo una mtakatifu wake, na sikukuu yake ikifika hakuna nyumba inayothubutu kukaa bila mshumaa mrefu wa nta ya nyuki mezani. Nusu ya mji wetu, kwa sababu anazozijua Mungu, iko chini ya Nikola. Kwa mmimina mishumaa hayo ndiyo mavuno.

Lakini alipoifungua tovuti, si mavuno aliyoyatazama. Picha za mishumaa zilikuwepo. Chini yake, pale palipokuwa na maneno ya Blagota, palikuwa na kamari: dadu, karata, magurudumu, zawadi ya kumkaribisha mgeni. Malaika Mkuu Mikaeli alikuwa anaahidi kumrudishia mchezaji dau lake la kwanza. Alishuka ukurasa baada ya ukurasa mpaka akafika mwisho kabisa, kwenye mshumaa wa Mtakatifu Petka. Kamari na huko.

Hapo ndipo alipokaa chini.

Ili jambo hili lieleweke, lazima ajulikane Vukosava ni mtu wa namna gani. Alizaliwa kwenye nta. Babake alikuwa mmimina mishumaa na babu yake pia, na kabla hajajua kusoma alishajua kwa kunusa kama nta imechanganywa na mafuta. Kuongea hakujifunza vizuri. Si kwamba alikuwa na kasoro. Aliona tu kwamba mengi hayahitaji kusemwa. Aliolewa na Blagota, mkagua tiketi wa treni, Mungu amsamehe, mtu aliyekuwa anakata tiketi na kusimulia, anapiga faini na kusimulia, na abiria walikuwa wakipitiliza vituo vyao kwa ajili yake. Watu walijiuliza wawili hawa wanaishije. Waliishi vizuri. Blagota aliongea kwa niaba ya wote wawili, na Vukosava alinyamaza kwa niaba ya wote wawili.

Alipostaafu, Blagota alikosa abiria. Akaja na habari ya duka la mtandaoni. Alilijenga mwenyewe, akigombana na kompyuta kwa sauti, na chini ya kila mshumaa akaandika habari yake: mtakatifu ni nani, mshumaa uwashwe vipi, na mnunuzi ajirekebishe wapi. Chini ya Nikola aliandika: "Usimweke karibu na dirisha. Mtakatifu Nikola ni msimamizi wa wasafiri, si wa mapazia." Chini ya Georgi: "Joka ameshamshughulikia. Wewe angalia kitambaa cha meza." Waserbia wa Vienna na Malmö na Chicago walinunua mishumaa wasiyoihitaji ili wasome tu.

Vukosava hakuwahi kuyasoma. Ayasome ya nini, na mwenyewe alikuwa jikoni akiyasikia bure? Blagota alimwambia mara moja, akicheka, "Siku moja utausoma ule wa Petka ujue nilivyokuwa nakuona." Naye akamjibu, "Kula, supu inapoa."

Blagota alifariki mwezi wa pili, katikati ya sentensi. Na nyumba ilipokuwa kimya kupita kiasi hata kwake yeye, ndipo mjane alipofungua duka la mumewe akaanza kusoma. Alisoma mshumaa mmoja kila asubuhi na kahawa yake, haongezi hata mstari, kama mtu anayekula akiba ya mwisho ya asali. Akimaliza alirudia wa mwanzo. Ule wa Petka tu hakuufungua. Aliuweka kwa ajili ya siku ya kutimiza mwaka, baada ya misa ya kumwombea. Sasa Petka alikuwa anamwalika kwenye kasino.

Alimwita Srbobran. Huyu ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na bucha, mtu mzima mwenye mvi na tumbo, aliyekuwa akicheza chesi na Blagota kila Jumapili na kushindwa kwa sababu hakuwa anapewa nafasi ya kufikiri. Alikuja, akavua viatu, akajisalibisha mbele ya picha ya marehemu, akakaa. Alibonyeza hiki na kile kwa muda mrefu akiguna.

"Shangazi, duka hili halijasasishwa tangu mwezi wa pili."

"Najua."

"Halikukuomba?"

"Liliniomba kila siku. Kila siku nimekataa."

"Kwa nini?"

Vukosava alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini havai nyekundu. "Tuko msibani, Srbobran. Mwaka haujaisha. Nyumba haipakwi chokaa, zulia halitolewi, koti lake liko pale pale alipolitundika. Nitarekebishaje duka lake?"

Fundi alielewa. Alikuwa amekulia mji huohuo. Mama yake alipofiwa, bomba la jikoni lilivuja mwaka mzima kwa heshima.

"Basi ni hivi," alisema taratibu. "Kule kusasisha ndiko kunakofunga matundu. Wewe umeyaacha wazi miezi yote hii. Wezi wamepita wakakuta mlango haujarudishwa, wakaingia, wakafuta ya mzee wakaandika ya kwao. Kuwatoa nitawatoa. Nitasafisha, nitabadilisha nenosiri, nitaziba. Kesho kutwa duka lina mishumaa tena. Ila maneno yaliyofutwa siwezi kuyatunga."

"Sitaki utunge. Nataka yarudi."

"Kampuni inayohifadhi tovuti haina nakala ya akiba?"

Walipiga simu. Dada wa kwenye kampuni alikuwa na adabu nyingi mno, ile adabu ya mtu asiye na la kukusaidia. Alieleza kwamba Bwana Blagota alichagua huduma isiyo na nakala za akiba. Katika sehemu ya maoni alikuwa ameandika kwamba haoni haja ya kuhifadhiwa na watu wasiomjua, nakala anayo mwenyewe.

Srbobran alipiga paja. "Kweli. Ile flashi nyekundu. Alikuwa anaivaa shingoni kwenye kamba, hata kwenye chesi. Kila Jumamosi ananakili duka zima. Shangazi, tumepona. Iko wapi?"

Vukosava alichukua utambi uliokuwa mfukoni mwa aproni akaanza kuunyoosha.

"Shangazi. Iko wapi?"

"Anayo."

"Nani?"

"Blagota."

Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa tangu siku ya mauti, kwa hiyo hakukuwa na hata cha kugonga.

"Nilimwekea miwani," Vukosava alisema, "na sigara zake, na chupa ndogo ya rakia, pombe yake kali ya plamu. Na hicho kidude. Aendako asikose alichokizoea. Nilidhani ni kitu muhimu kwake."

"Kilikuwa muhimu," Srbobran alisema. Akatazama picha ya marehemu, na marehemu akamtazama kwa uso wa mtu aliyekwisha kusema lake. "Basi nchi nzima hakuna nakala iliyohifadhiwa salama kama hiyo."

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari, na mji mzima ulikuwa na ushauri. Rosanda alikuja na sahani ya maharage ya mfungo na pendekezo.

"Si tutafukua kidogo tu, shoga. Upande wa kichwani."

Padri Tihomir, aliyekuwa amepita kuuliza hali, alishusha kikombe. "Kidogo tu ni kiasi gani, Rosanda?"

"Mpaka shingoni tu, Padri."

"Marehemu amezikwa apumzike. Miaka yote hiyo sisi hatukupumzika kwa ajili yake, angalau yeye mwacheni."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Padri Tihomir na Blagota walikuwa na ugomvi wa zamani, ugomvi wa karatasi. Kwa kila mshumaa uliouzwa, Blagota alichapisha habari yake kwenye kikaratasi akakitia kwenye boksi, na juu ya kikaratasi akaweka picha ya mtakatifu. Sasa Mkristo wa kwetu karatasi yenye uso wa mtakatifu haitupi. Haiweki kwenye takataka, hafungii samaki. Ataitia nyuma ya picha takatifu ya ukutani au ndani ya Zaburi, na hapo itakaa mpaka yeye mwenyewe atolewe nyumbani. Blagota alijua hilo vizuri sana. Padri alimwambia, "Umewafunga watu, mtumishi wa Mungu. Droo zao zimejaa maneno yako na hawana njia ya kuyatoa." Blagota akajibu, "Ndiyo njia pekee ya mtu kusomwa, Padri. Hata wewe ungejaribu."

Mwishowe Padri alitangaza kwamba karatasi takatifu zilizozidi ziletwe uani kwa kanisa kabla ya Pasaka zichomwe kwa heshima. Mji ukatii, ukaleta mapipa. Blagota alikuja na kiti chake akakaa kutazama, akasema si kila mwandishi hupata bahati ya kuchomwa na kuombewa kwa pamoja. Hiyo ilikuwa Pasaka yake ya mwisho.

Jumamosi Vukosava alienda makaburini na mshumaa na ngano ya kuchemsha ya kuwakumbukia wafu. Alisafisha majani, akawasha mshumaa, akasimama. Flashi nyekundu ilikuwa pale chini, hatua chache kutoka kwenye viatu vyake, imelala kifuani kwa mwenyewe. Hakuwa na hasira. Aliwaza tu kwamba mtu aliyeongea maisha yake yote sasa ana maneno yake yote pale, na mke ambaye hakuyasikiliza vizuri yuko juu, hana hata moja. Alisali Baba Yetu. Akaongeza, kwa sauti, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya: "Ungechapisha na moja ya kwangu, Blagota."

Na ndipo, akiwa bado ameinama anazuia upepo usiuzime mshumaa, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifunga maboksi. Yaliyokuwa mjini Padri alikwisha kuyachoma. Lakini Malmö hapakufika padri wa kuchoma.

Mtu asiyependa kuongea alikaa basi na simu. Anwani alizijua; mikono yake ndiyo iliyoziandika kwenye vifurushi. Mwanzo ilikuwa mateso. Alipiga Linz, akapokea mwanamume mmoja jina lake Radoica, na Vukosava akasema, "Mimi ni wa mishumaa," akanyamaza akitarajia kwamba hiyo inatosha.

"Mishumaa gani? Sinunui kitu kwa simu."

"Hununui. Nataka karatasi ya Blagota."

Ikasikika sauti ya droo ikivutwa. "Hii ya Malaika Mkuu? Iko kwenye cheti changu cha ubatizo. Mama ndiye aliyekataza isitupwe." Akaanza kusoma: "'Mikaeli anashika upanga, kwa hiyo wewe huna haja ya kupiga kelele mezani. Washa mshumaa kabla wageni hawajalewa, si baada.'" Radoica alikohoa. "Baba yangu alikuwa hasomi kitu ila hii. Kila mwaka kabla ya chakula. Mzee Blagota mwenyewe hajambo?"

"Hajambo," Vukosava alisema. Baadaye alitubu uongo huo, lakini wakati ule hakuona jibu jingine la kweli kuliko hilo.

Rosanda naye alipewa kazi ambayo Mungu alimuumbia. Alieneza habari kwa mashangazi wa mashangazi, na baada ya siku chache simu ya Srbobran ilikuwa haishikiki. Watu walipiga picha vikaratasi na kuvituma. Vilitoka ndani ya vitabu vya sala, chini ya kioo cha kabati, kwenye mlango wa friji huko Chicago. Mwanamke mmoja alikuwa ametandikia droo ya soksi za watoto, akaomba msamaha kwanza kwa mtakatifu, halafu kwa Vukosava. Hata mjini, watu waliosemekana kuleta vyote uani kwa kanisa walianza kuvuka barabara mmoja mmoja wakiwa na bahasha. Kumbe kila nyumba ilikuwa imeficha kimoja.

"Wewe si ulisimama karibu na pipa kabisa?" Srbobran alimuuliza mmoja.

"Nilichoma vya mama mkwe."

Srbobran aliketi chumba cha nyuma akinakili, akicheka peke yake kwa vituo, na ukurasa baada ya ukurasa kamari iliondoka na Blagota akarudi. Vukosava alimimina nta na kusikiliza kicheko hicho kupitia ukutani. Kwa muda aliweza kujidanganya kwamba ni kama zamani.

Petka hakutokea. Rosanda alikuwa amenunua mishumaa ya Petka miaka yote, na vikaratasi vyake vyote, kwa aibu kubwa, alivichoma kweli. "Mimi ndiye mjinga pekee niliyetii, shoga." Huko ng'ambo walioulizwa walisema walinunua Nikola na Georgi na Yohana, Petka ni wa akina mama, na akina mama wao walishakufa na droo zao. Siku ya Nikola ikakaribia mpaka ikawa imebaki kusafisha samaki wa sikukuu tu. Duka likafunguliwa bila wa Petka na bila wa Trifun, mtakatifu wa wakulima wa zabibu, ambaye mshumaa wake hakuna aliyewahi kuununua.

Srbobran alianza kuvaa viatu. "Shangazi, tumepata karibu vyote. Hata wezi wa kawaida hawarudishi hivi."

"Asante, mwanangu." Akamfungia mkate. Kwa uso wake usingejua kitu.

Padri Tihomir alikutana na fundi mlangoni. Alikuwa amevaa joho la kila siku, na mkono mmoja ulikuwa ndani ya joho kama anayeshikilia jino linalouma.

"Nimesikia mnatafuta wa Petka," alisema.

Akaingia hatua moja.

"Nilikuwa nao. Niliutenga. Kama ushahidi." Alitoa kikaratasi, kimekunjwa mara nyingi na kukunjuliwa mara nyingi, kwa jinsi kilivyolegea kwenye mikunjo. "Nilikusudia siku moja nimwonyeshe nimwaibishe. Kisha nikawa nakisoma."

Vukosava alifuta mikono, akakipokea, akakisogeza dirishani. Juu alikuwa Mtakatifu Petka na msalaba wake. Chini yake:

"Mshumaa huu ameumimina mke wangu. Mingine pia ameimimina yeye, lakini huu ndio unaofanana naye. Usimuulize kwa nini umenyooka hivi, hatakujibu. Mimi nimeuliza miaka yote. Padri wetu huhubiri mpaka tambi zinaisha na bado kuna giza. Mke wangu hasemi neno na nyumba nzima inaonekana. Ukiuwasha mshumaa huu usiongee. Mimi nilijaribu kunyamaza mara moja kwa heshima yake nikapata homa. Ninapoongea ni kwa sababu naogopa asije akagundua kwamba yeye hanihitaji, mimi ndiye ninayehitaji mwanga."

Alisoma mara moja, akarudia. Srbobran alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Padri alitazama dari.

"Kimepokelewa," Vukosava alisema mwishowe. "Srbobran, kiandike."

"Chote?"

"Chote."

"Ile sentensi ya katikati," Padri alisema, "labda, kwa ajili ya waumini wachanga…"

"Tunarudisha duka, Padri. Haturekebishi."

Padri aliinamisha kichwa. Alikuwa amejua hivyo tangu alipokuwa njiani. Akavuta kiti akakaa, akaletewa kahawa, na Srbobran akaandika akisoma kwa sauti, na ilipofika sentensi ya katikati aliisoma polepole kidogo kuliko nyingine.

Mwisho wa kazi kompyuta ilitoa kile kisanduku chake: kuna toleo jipya, je, lisasishwe? Wote watatu walikitazama.

"Mwaka haujaisha," Vukosava alisema.

"Hii si chokaa," Padri alisema. "Hii ni kufunga mlango jioni. Hata wenye msiba hufunga mlango."

Vukosava alifikiri. Akajisalibisha, akabonyeza ndiyo, na hakuna kilichotokea isipokuwa mstari mdogo ulioanza kujaa polepole.

"Bado Trifun," Srbobran alisema. "Mahali pake ni patupu. Huyu hatapatikana, shangazi. Niandike nini? Wewe ndiye mwenye duka."

Vukosava alisimama nyuma yake muda mrefu, mikono ikinuka nta, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba ambacho hajawahi kukiingia. Akasema, "Andika: Unawaka vizuri."

"Basi?"

"Basi."

Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu duka lianzishwe, mtu aliagiza Trifun. Alikuwa Radoica wa Linz, ambaye hana shamba la zabibu. Kwenye sehemu ya maoni aliuliza kama hayo ndiyo maelezo yote, au duka halijapona bado. Vukosava aliweka kahawa chini na kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akamjibu kwamba limepona, na kwamba asiuweke karibu na dirisha.